Riviu ya Organic Maps kwa sisi tunaosafiri peke yetu: ramani isiyokula bando

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aishie hapa: kama unapanga safari ya peke yako na simu yako ina nafasi kidogo, weka Organic Maps kabla hata hujakata tiketi. Ni bure, haina matangazo, haikuombi akaunti wala namba ya simu, na ukishapakua ramani ya unakokwenda haihitaji tena neti hata chembe. Ila usiifanye ndo ramani yako pekee, maana kuna sehemu inaangusha vibaya na wanaoisifia huwa wanazipita kimya kimya. Ntazisema zote.

Kwanza kwa nini nasisitiza hii habari ya peke yako. Mkiwa wawili mmoja anaangalia mabegi mwingine anakwenda kuuliza njia, simu ya mmoja ikizima kuna ya mwenzake, mmoja akichoka mwingine anafikiri. Ukiwa mwenyewe vyote hivyo ni wewe, na unavifanya na begi mgongoni, usiku, simu ina asilimia 14, na laini ya kule bado hujanunua. Kwa hiyo msafiri wa peke yake kazi yake kubwa anaimalizia mezani kabla ya kuondoka, na hiyo ndo sababu apu ya ramani kwangu naipima kwanza kama kifaa cha kupangia, mambo ya kuniongoza barabarani yanafuata.

Kwa asiyeijua: ramani zenyewe sio za kampuni, zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast kule Uingereza mwaka 2004, ambapo watu wa kawaida wanachora barabara, nyumba, visima, vituo vya basi na kila kitu, halafu data inakuwa ya wote. Organic Maps yenyewe ilitoka 2021, wameichonga kutoka kwenye msimbo wa Maps.me, na wamo watu walioanzisha ile ya kwanza kabisa. Mliotumia Maps.me zamani kabla haijajaa matangazo na vitufe vya kuuziwa vitu mtaijua mara moja, ni ileile ila imenyolewa.

Sasa tuje kwenye kupanga. Unafungua, unasogeza hadi nchi unayokwenda, inakuuliza kama upakue, na nchi kubwa zimekatwa vipande kwa mikoa kwa hiyo huna haja ya kubeba nchi nzima kama unakwenda mji mmoja. Pakua na mikoa ya jirani utakayopita, hii watu wanasahau, maana njia haikokotolewi kupita kipande ambacho hujakipakua. Fanya hivyo ukiwa na wifi nyumbani, usisubiri ile wifi ya uwanja wa ndege ambayo inakuomba barua pepe, inakuomba namba, halafu inakupa dakika chache za kobe.

Ukishapakua unaanza kupachika pini. Bonyeza mahali, gusa nyota, imehifadhiwa. Lakini utamu uko ndani, kila pini unaweza kuipa rangi, kuiweka kwenye orodha yake, na kuiandikia maelezo. Mimi rangi zangu ni hizi: kijani malazi, bluu stendi na stesheni, nyekundu hospitali, polisi na ubalozi kama upo, njano vitu vya kutembelea. Na kwenye maelezo ya pini ya kijani naandika namba ya mapokezi, saa ya mwisho wanayopokea mgeni, jina la aliyenijibu, na kama kuna mlango wa nyuma wa usiku. Kuna pini yangu moja maelezo yake yanasomeka hivi tu: "geti jeusi, kengele iko kulia chini, wakikawia piga usitume meseji." Nikiwa nimesimama mbele ya hilo geti sihitaji kufungua barua pepe, sihitaji neti, nasoma pale pale kwenye ramani. Mtu akikuambia kupanga safari ni kutengeneza jedwali refu la saa kwa saa mwache aendelee, mimi naona orodha ya pini zenye maelezo ndo mpango wenyewe.

Kingine kwenye kupanga ni kukagua umbali wa kweli. Matangazo ya malazi yanapenda neno "karibu". Karibu na stendi, karibu na ufukwe, karibu na kila kitu. We chukua pini ya stendi na pini ya gesti, mwambie Organic Maps akupe njia ya miguu, sio ya gari, ndo utajua ukaribu wa nani. Unaweza kukuta kwa mstari wa kunyooka ni mita 900 lakini katikati kuna reli na kivuko kiko mbali huko, safari inakuwa kilomita mbili na nusu. Tena inakuchorea na mchoro wa miinuko, kwa hiyo unaona kabisa kwamba nusu ya njia ni kupanda. Begi la kilo 15 na kupanda mlima saa nne usiku sio mambo ya mtu mmoja. Hapo unaamua mapema, ama unabadilisha gesti au unapanga teksi, na uamuzi huo umeufanya ukiwa umekaa unakunywa chai.

Na hapa nina dukuduku langu. Kuna mtandao mmoja wa kubukia vyumba, siutaji, pini ya chumba nilichokilipia ilikaa kwenye uzio wa ghala. Nilijuaje? Nilichukua zile namba za latitudo na longitudo nikazibandika kwenye utafutaji wa Organic Maps, na kwa kuwa OpenStreetMap inachora hadi umbo la jengo moja moja, nikaona wazi pale hakuna nyumba ya kulala mtu, kuna bati refu na eneo la kuegesha malori. Nikamwandikia mwenye nyumba, akajibu bila hata kushtuka, eti wageni wote wanapelekwaga huko, yeye yuko mtaa wa nyuma. Nikawaambia wale wa mtandao warekebishe, wakasema nimwambie mwenye nyumba, mwenye nyumba akasema ameshawaambia wao. Mpaka naondoka pini ilikuwa pale pale kwenye malori. Hii inatokea sana kwa sababu mifumo mingi ikishindwa kuitambua anwani inaidondosha katikati ya mtaa au ya kata, halafu pini inaonekana imetulia na inajiamini kama zingine. Kwa hiyo kila malazi, narudia, kila malazi, hakiki pini kwenye ramani ya pili na umwombe mwenyeji akutumie lokesheni yake mwenyewe. Ukiwa na mwenzako hilo ni usumbufu, ukiwa peke yako usiku ni hatari.

Barabarani sasa. Watu wengi bado wanadhani GPS inatumia bando, aisee haitumii. Simu yako inapokea tu mawimbi kutoka kwenye setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200, haitumi kitu. Unaweza kuweka simu kwenye hali ya ndege, ukawasha lokesheni, na kile kimshale kikakufuata vizuri tu. Kinachochelewa ni mara ya kwanza, maana simu isiyo na neti inabidi isubiri taarifa za setilaiti zenyewe, na zinatumwa polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Ukishuka kwenye basi kimshale kinakuonyesha uko mji uliotoka, usipanik na usianze kuzungukazunguka. Simama mahali peupe penye anga, sio chini ya paa la stendi, subiri dakika moja mbili, kitaruka kije kwako. Mimi huwa nakiwasha bado niko ndani ya basi, dirishani, dakika kumi kabla ya kufika, nikishuka tayari najua nageukia wapi na natembea kama mwenyeji. Kwa msafiri wa peke yake kutembea kama unajua unakokwenda ni nusu ya usalama, na ile ya kusimama katikati ya njia umeinamia simu ndo inayokutangaza.

Kwa sababu hiyo hiyo napenda sauti. Weka spika ya sikio moja, sikio lingine liache wazi lisikie mazingira, simu iingie mfukoni, inakuambia geuka kulia baada ya mita 200. Sauti zenyewe inazitoa kwenye simu yako, kwa hiyo pakua lugha yako kwenye setingi za simu kabla, la sivyo utasikia majina ya mitaa yanavyochinjwa. Na ukiwa huelewi lugha ya huko, gusa mahali pale, mara nyingi jina linatokea kwa namna mbili, la kimataifa na la maandishi ya wenyeji. Mwonyeshe dereva wa teksi yale ya kwake, mambo yanaisha.

Betri sina malalamiko makubwa. Ramani ziko ndani ya simu kwa hiyo hakuna kuvuta data kila sekunde, na ukiwa kwenye hali ya ndege simu inakaa na chaji muda wa kutosha. Skrini ndo inakula. Beba pawabanki, na ikiwa chini ya wati-saa 100 mashirika ya ndege kwa kawaida wanaruhusu, ila kwenye begi la mkononi, sio lile linaloingia tumboni mwa ndege.

Haya, sasa pale inapoangusha.

Usafiri wa umma. Inajua metro tu. Daladala, mabasi, tramu, ratiba, hakuna. Itakuonyesha kituo cha basi kipo hapa lakini basi gani linapita na saa ngapi halijui. Foleni pia haina, kwa hiyo ikikuambia dakika 35 kwenda uwanja wa ndege asubuhi ya Jumatatu we ongeza mwenyewe kwa akili yako. Kwa mambo haya bado natumia Google Maps nikiwa na neti, na skrinishoti za ratiba naweka kwenye albamu yake. Ila na wao Google wasijisifu sana, ukipakua eneo lao ukawa huna mtandao wanakupa njia ya gari peke yake, ya miguu hawakupi, ya baiskeli hawakupi, ya basi hawakupi. Msafiri wa peke yake anayeshuka stendi bila laini anataka nini kama sio njia ya miguu? Hapo ndo Organic Maps inawapiga bao la wazi.

Riviu za watu hakuna, picha hakuna, nyota hakuna. Unaona hosteli ipo, kama ni safi au wana kunguni utajulia kwingine. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake hili ni pengo kubwa, maana maoni ya wanawake wengine waliolala pale ndo taarifa muhimu kuliko zote, na hayapo humu. Saa za kufungua zipo kwa baadhi ya maeneo lakini zimeandikwa na mtu wa kujitolea siku moja aliyopita hapo, duka likibadilisha hakuna wa kuwaambia. Duka la dawa la usiku usiliamini kwa ramani, piga simu.

Utafutaji nao una kisirani. Ukiandika jina kamili kama lilivyo kwenye ramani unapata, ukikosea kidogo au ukaandika anwani kwa mtindo wa barua unaambulia patupu, na nchi nyingi namba za nyumba hazijachorwa kabisa. Dawa yake ni ile ya mwanzo, pachika pini ukiwa nyumbani, usitegemee kutafuta ukiwa njiani.

Ubora wa ramani unategemea nani alijitolea wapi. Wapo wanaodhani nchi tajiri tu ndo zimechorwa vizuri, sio kweli. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010 watu wa kujitolea kutoka kila kona walichora Port-au-Prince kwa siku chache tu wakitumia picha za setilaiti, na tangu hapo maeneo mengi yaliyopata maafa yamechorwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo unaweza kukuta kijiji cha mbali kina kila njia ya miguu, halafu kitongoji cha mji mkubwa kina barabara kuu tu. Kabla ya kulipia chochote vuta ramani ya unakokwenda uiangalie, kama majengo yamechorwa na vichochoro vipo, utaitegemea. Kama ni mstari mmoja na uwanda mweupe, panga kwa njia nyingine.

Na kuna nchi ambazo uchaguzi wa ramani ni ishu ya sheria kabisa. Korea Kusini iliwakatalia Google kutoa nje data za ramani za kina mwaka 2007 na tena 2016, ndo maana kwa miaka mingi wageni walikuwa wanafungua Google Maps kule wanakosa njia ya miguu wanabaki wanashangaa. China nao wana mfumo wao wa kusogeza kidogo zile namba za latitudo na longitudo, unaitwa GCJ-02, kwa hiyo kwenye baadhi ya ramani kimshale chako kinakaa mtaa wa pili. OpenStreetMap haitumii mfumo huo, inakaa sawa na GPS, ila upimaji binafsi China haruhusiwi mtu hivi hivi kwa hiyo na yenyewe ina mapengo. Ukienda nchi kama hizo tafuta na apu wanayotumia wenyeji, uwe nazo mbili.

Kubwa kuliko yote kwangu: hii apu inajua njia, haijui hatari. Ukiiambia njia ya miguu inatafuta ya kufaa kwa umbali, na haioni shida kukupitisha kwenye bustani isiyo na taa, chini ya daraja, au kichochoro cha ngazi nyuma ya majengo saa sita usiku. Nimeona inapendekeza njia ya kando ya mfereji ambayo mchana ni nzuri kweli na usiku hata mbwa hapiti. Kwa hiyo njia ya kutoka stendi hadi unakolala usiiache mikononi mwake. Ikague kwa jicho lako mapema, vuta karibu uone inapita wapi, ongeza kituo cha katikati kwenye barabara kubwa ili uilazimishe ipite kwenye watu, hata kama inaongeza dakika saba. Muulize na mwenyeji wako swali moja tu: "Ningekuwa mdogo wako ungeniambia nitembee au nichukue teksi?" Majibu ya swali hilo huwa ya kweli kuliko ukiuliza kama ni salama, maana salama kila mtu anasema ni salama.

Kutuma lokesheni inayosogea pia haina, ile ya ndugu yako akuone unavyotembea. Unachoweza ni kutuma mahali ulipo wakati huo, au kunakili zile namba ukazituma hata kwa SMS ya kawaida ambayo haihitaji bando. Mimi na dada yangu tuna utaratibu, nikifika namtumia namba, nikiondoka namtumia ninakokwenda na saa ninayotarajia kufika, na saa mbili zikipita kimya anapiga gesti, sio mimi, maana simu yangu ndo inayoweza kuwa imekufa. Namba ya gesti anayo kwa sababu nimemtumia orodha nzima ya pini.

Hilo la orodha lisikupite. Kwa kuwa hakuna akaunti, pini zako ziko kwenye simu tu, simu ikiibiwa zimeondoka nayo. Kabla ya safari hamisha orodha iwe faili la KMZ au GPX, jitumie kwenye barua pepe, mtumie na mtu unayemwamini. Ukinunua simu nyingine hata ya bei ya kutupa, unaweka apu, unafungua lile faili, pini zote na maelezo yake zinarudi kama zilivyokuwa. Ubalozi, hospitali, geti jeusi, vyote.

Nyota nampa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya mabasi na utafutaji, hizo njia za giza silaumu sana apu, hakuna ramani inayoziona. Na kwa waliosikia habari za CoMaps, ndio, mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji walitofautiana na wenye Organic Maps kuhusu uendeshaji wa mradi wakajitenga wakatengeneza yao. Ramani zao nazo ni za OpenStreetMap na matumizi ni karibu yaleyale, so ukiamua kuhamia huko chukua lile faili lako la pini ulifungue kule, huna haja ya kuanza upya.